Lebo Ambayo Mtoto Hakuirithi

Kazi yangu ya kwanza niliipata Mbeya, kwenye ofisi ndogo ya kutengeneza programu za kompyuta, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi kule Mwanjelwa. Tulikuwa watu watano, mwanamke nikiwa peke yangu. Diploma nilikuwa nimeimaliza na alama nzuri, lakini niliyofundishwa chuoni na niliyoyakuta pale hayakufanana hata kidogo. Mtu akinieleza jambo niliitikia kwa kichwa, kisha nikarudi kwenye kiti changu nikiwa sijui nianzie wapi.

Jirani yangu wa meza alikuwa kaka mmoja Mnyakyusa wa Tukuyu, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi, mtu mpole aliyekuwa akitafuna karanga huku anawaza. Yeye ndiye aliyenipa kazi ninayotaka kuieleza. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kuandikisha wagonjwa kwa ajili ya hospitali moja ya Iringa. Kila asubuhi mfumo huo ulitakiwa utoe orodha ya watu wenye miadi siku ile, ibandikwe kwenye dirisha la mapokezi ili kila mtu ajue aende chumba gani. Lakini wapo wagonjwa ambao majina yao hayatakiwi kuonekana dirishani: wa kifua kikuu, wa afya ya akili, na wengine wa namna hiyo. Hao walitakiwa waonekane kwa namba tu.

"Sasa dada," aliniambia, "usiende kuandika masharti kila mahali, huyu ficha, yule ficha. Utachoka na utasahau mmoja. Tengeneza anotesheni, uibandike juu ya klasi. Sehemu inayochapisha orodha iwe inaisoma kwanza."

Klasi, kwa asiyejua, ni kama fomu tupu ambayo programu inaitumia kutengeneza vitu vya aina moja. Sisi tulikuwa na klasi kwa kila aina ya mgonjwa, na kila aliyeandikishwa alikuwa nakala ya fomu hiyo iliyojazwa. Anotesheni ni lebo inayoandikwa juu ya klasi, ikianza na ile alama ya barua pepe. Lebo zilizotengenezwa na watu wengine nilikuwa nimezitumia sana bila kuuliza zimetoka wapi. Ya kwangu mwenyewe sikuwa nimewahi kutengeneza.

Nilichanganyikiwa tangu neno la kwanza. Tulikuwa tunatumia Java, na katika Java ukitaka kutengeneza anotesheni unaandika neno interface, ambalo chuoni tulifundishwa kuwa ni kitu kingine kabisa, ila unaliwekea ile alama mbele. Nilidhani aliyeandika ukurasa niliousoma amekosea. Nikatafuta ukurasa mwingine, nao ukasema vilevile. Basi nikaandika hivyo hivyo, nikaipa jina Siri. Ndani yake sikuweka chochote, mabano mawili tu yaliyofunguliwa na kufungwa. Nikaibandika juu ya klasi ya mgonjwa wa kifua kikuu, nikabandika na juu ya zile nyingine za siri, kisha nikaandika mistari michache ya kusema kwamba ukikuta klasi ina lebo ya Siri, usichapishe jina, chapisha namba.

Nikaendesha programu. Majina yote ya majaribio yakatoka wazi, moja baada ya jingine.

Siku mbili nzima nilikaa nikiitazama ile lebo. Ipo. Naiona kwa macho yangu, juu ya klasi, imeandikwa sawasawa. Lakini kila programu ilipoulizwa kama lebo ipo, ilijibu haipo. Nilifuta nikaandika upya. Nilibadilisha jina nikalirudisha. Siku ya tatu nikajikaza nikamgeukia jirani yangu.

Alisogeza kiti akatazama muda mfupi tu. "Umeiambia ikae mpaka lini?"

"Nani?"

"Lebo yako. Lebo zina umri wake. Nyingine inakufa programu ikishatafsiriwa kwenda lugha ya mashine. Nyingine inabaki kwenye faili lakini ukiendesha programu huioni. Nyingine inaishi mpaka wakati wa kuendesha. Wewe hujasema unataka ipi, kwa hiyo Java imekupa ile ya katikati."

"Kwa hiyo ipo lakini haipo."

"Ipo kwenye faili. Inapofanya kazi programu, haipo. Weka mstari juu yake useme ikae mpaka mwisho."

Nikaweka. Majina yakageuka namba. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa ya mtu aliyefunguliwa mlango bila kuona ufunguo. Nilikuwa nimebandika lebo juu ya lebo, na sikuelewa kwa nini kitu nilichokiandika mwenyewe kilihitaji kuombewa ruhusa ya kuishi.

Siku moja kabla ya safari ya Iringa niliona klasi zangu zina maneno mengi yanayojirudia. Kila aina ya mgonjwa wa siri ilikuwa na jina, mwaka wa kuzaliwa, mtaa, namba, na juu yake ile lebo. Nikafanya kama tulivyofundishwa: nikatengeneza klasi moja ya mzazi, nikayahamishia huko yote yanayofanana, na hizi nyingine nikazifanya watoto wake. Lebo nayo nikaihamisha, nikaibandika kwa mzazi, nikaiondoa kwa watoto. Nikajaribu kwa mzazi, jina likafichika. Kwa watoto sikujaribu. Mtoto anarithi, nilijiambia, na nikafunga kompyuta nikaenda kupanga nguo.

Iringa nilitumwa peke yangu, kwa wiki sita, kwenda kuuweka mfumo hospitalini. Nilifurahi kwa sababu mama yangu mdogo anaishi hukohuko, mtaa wa Kihesa. Sisi ni watu wa biashara za nguo. Babu alipanda huku nyanda za juu kutoka pwani na mzigo wa kanga, hakurudi tena. Mama mdogo ndiye aliyeurithi ulimi wake. Ana kibanda cha vitenge na mashuka sokoni, na wateja wake Wahehe anawaamkia "kamwene" kwa lafudhi ambayo inawafanya wacheke na kununua. Ni mjane, watoto wake wako Dodoma. Nilitegemea tutalala chumba kimoja kama nilivyokuwa nikija likizo, tupige hadithi.

Haikuwa hivyo. Alinipa chumba cha uani, chenye mlango wake. Nilipomfuata kumkumbatia alinyoosha mkono akanishika bega kwa mbali.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umepungua. Begi weka kule nyuma."

Ulikuwa mwezi wa sita, na anayeijua Iringa anaijua baridi ya mwezi wa sita. Mama mdogo alikuwa anafungua madirisha yote, asubuhi hadi jioni, mapazia yakipepea. Nikiyafunga, anayafungua, mpaka wiki ya pili nami nikaanza kukohoa. Kikombe changu alikiwekea alama ya rangi ya kucha na akaniambia nisitumie kingine. Alikula mapema, peke yake, na chakula changu nikakikuta kimefunikwa. Naye alikuwa anakohoa kidogo, akasema ni vumbi la mashuka. Nikikaa karibu naye sebuleni alikumbuka ghafla kitu cha kufanya jikoni.

Nilijiuliza nimemkosea nini. Nilidhani labda mama yangu alimwambia jambo. Nilidhani labda anaona aibu kwamba binti mzima hajaolewa anazunguka na kompyuta. Jumapili moja nikamuuliza, "Mama mdogo, kama nakubana hapa, ofisi inaweza kunitafutia nyumba ya wageni."

"Nani kasema unanibana?" alijibu, na akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Kule hospitali mambo yalikuwa yanaenda. Aliyenipokea alikuwa sista mmoja wa makamo, mkuu wa kliniki za nje, Mbena mwenye sauti ndogo ambaye sikumsikia akiipandisha hata siku moja. Kwa wiki tatu watu wake waliingiza taarifa za wagonjwa kwenye mfumo, nami nilikuwa naenda kutoka dawati hadi dawati nikiwasaidia. Orodha za dirishani ziliendelea kuandikwa kwa mkono. Siku ya kwanza ya kuchapisha tulichagua Jumatano.

Jumatano hiyo nilifika saa moja na nusu. Mhudumu wa mapokezi alibonyeza kitufe kama nilivyomwonyesha, mashine ikatoa karatasi mbili, moja akaenda kuibandika dirishani, nyingine akaniachia. Nilikuwa nashughulika na waya wa mtandao, nikaiweka mezani. Nilipokuja kuitazama, watu walikuwa wameshaanza kujaa kwenye benchi.

Sehemu ya juu ilikuwa sawa: kliniki ya macho, ya meno, ya wajawazito, majina yote kama yalivyotakiwa. Chini, palipoandikwa kifua kikuu, palitakiwa pawe na namba tano. Palikuwa na majina matano. La tatu lilikuwa la mama yangu mdogo, majina yote matatu, na mbele yake neno Kihesa.

Nililisoma mara nyingi. Kwanza nilifikiri ni mtu mwingine. Kisha nikafikiri mimi mwenyewe ndiye niliyeingiza jina lake wakati wa majaribio nikasahau, maana kwenye majaribio huwa tunaweka majina ya ndugu. Kisha nikayakumbuka madirisha.

Sijui nilikaa pale kiasi gani. Sista ndiye aliyenikuta. Aliitazama karatasi mkononi mwangu, halafu akatoka. Nikamwona kupitia kioo akienda dirishani, akaibandua ile nyingine taratibu kama mtu anayebadilisha tangazo la zamani, akaikunja mara nne. Aliporudi alifunga mlango.

"Imekaa pale tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili kasoro."

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika ishirini.

"Nani mwingine ana nakala?"

"Hakuna. Ni hii tu."

"Nipe." Nikampa. "Leo tunarudi kwenye kalamu. Wewe kaa hapa utafute ni kwa nini."

Sikumwambia kuwa jina la tatu ni la mama yangu mdogo. Nilitaka kusema, lakini nikajiuliza kama kusema nako si kutangaza mara ya pili. Nikafungua kompyuta. Lebo ipo, juu ya mzazi, na umri wake nilikuwa nimeuandika. Nikampigia kaka wa Mbeya.

"Watoto wanaonyesha majina," nilisema. "Mzazi anaficha, watoto hawafichi."

"Lebo umeiweka wapi?"

"Kwa mzazi."

"Kwa watoto je?"

"Si wanarithi?"

"Dada, mtoto anarithi sehemu za data na kazi za mzazi. Lebo iliyobandikwa juu ya klasi harithi, mpaka lebo yenyewe iseme kwamba inarithiwa. Kuna anotesheni nyingine, unaiweka juu ya anotesheni yako."

"Kwa hiyo anarithi jina, anarithi mtaa, anarithi namba. Anachoacha ni kile kinachosema afichwe."

"Ndivyo walioitengeneza Java walivyoamua."

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Zipo lebo ambazo si nzuri zikienda kwa watoto, labda ndiyo sababu. Weka mstari huo. Halafu jaribu kwa kila mtoto, mmoja mmoja. Kuna tatizo lililotokea huko?"

"Majina yalitoka dirishani."

Nikasikia amesogeza kiti. "Pole," alisema. "Nilitakiwa kuikagua kazi yako kabla hujaondoka. Hilo ni langu pia."

Mstari wenyewe ni neno moja. Nililiandika kwa muda usiofika dakika, nikajaribu kila klasi mara tatu, na kila mara namba zikatoka. Nilitegemea nikimaliza nitajisikia nimeelewa. Sikuelewa. Niliendelea kuitazama skrini kama mgeni aliyeonyeshwa njia akasema asante, kisha akabaki amesimama palepale.

Mchana nilimfuata sista nikamwambia imetengemaa, na nikamwomba jambo. Nilitaka kuwaomba radhi wale watu watano.

"Wewe hawakujui," alisema. "Ukienda kuomba radhi, watajua kwamba na wewe unawajua. Nitawaambia mimi, kwa sababu ni haki yao kujua. Wanne wamekuja leo. Wa tano alifika, mlinzi alimwona akiingia getini, halafu hakuingia kliniki."

"Aliliona jina lake?"

"Sijui. Anatoka mbali, upande wa Idodi. Labda alikumbuka kitu sokoni, labda aliliona. Nitamfuatilia."

Akanitazama kwa muda. Alikuwa ameshaniona nikisindikizwa na mama mdogo hadi getini siku ya kwanza. Nadhani alikuwa ameshajumlisha kwamba wa tatu ni ndugu yangu.

Nilirudi Kihesa saa kumi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nililopanga lilikuwa na kasoro. Nikisema najua, nimevunja siri yake. Nikinyamaza, na sista ameshamwambia kwamba jina lilitoka kwa kosa la kompyuta, atajua ni mimi, na atajua nimenyamaza. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Leo umewahi."

Nikakaa kwenye ngazi, mbali kidogo, pale alipozoea nikae. "Mama mdogo, yale majina yaliyotoka leo, mimi ndiye niliyeandika programu. Kosa ni langu. Na nimeona."

Hakuinua kichwa. Alitoa kijiwe, akakirusha uani, akatoa kingine.

"Nilikuwa wa ngapi?" aliuliza.

"Wa tatu."

"Kwa herufi?"

"Ndiyo. Inapanga kwa herufi."

Akaendelea kuchambua. Mimi nilikuwa nasubiri anifokee au alie, nijue la kufanya. Baadaye alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Miezi miwili nakunywa dawa. Sokoni wanajua naenda kumwona mwanangu Dodoma. Sista aliniambia siku nyingi kwamba mimi si wa kuambukiza tena, nimalizie vidonge tu. Sikumwamini. Niliona akija mtoto wa dada yangu nikampa ugonjwa, nitamwambia nini dada yangu?"

"Nilidhani hunitaki hapa."

Ndipo aliponitazama. "Ulidhani hivyo wiki tatu zote?"

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Nilisema kuhusu nyumba ya wageni."

"Hiyo siyo kusema," alijibu. Kisha akakasirika, na alichokasirikia sikukitegemea. Si karatasi, wala kompyuta. Alikasirika kwamba nilikuwa nakohoa tangu wiki iliyopita na sikwenda kupima. Nilimwambia ni mafua ya baridi, kwa sababu madirisha yako wazi. Akasema kesho saa moja niwe nimeshavaa.

Kesho yake alifunga kibanda. Tulikwenda hospitali pamoja, na badala ya kupita mlango wa nyuma unaotumiwa na watu wa kliniki ile, alipita mbele, penye benchi na watu, akaamkia kila aliyemjua. Mama mmoja wa sokoni alimuuliza amemleta nani. "Nimekuja na binti yangu tupime kifua," alisema. "Mimi ninacho, yeye hatujui." Yule mama alisogea kidogo. Sikujua kama alisogea kutupisha au kutukimbia, na mpaka leo sijui. Mama mdogo alikaa kwenye nafasi ile.

Sikumwelewa. Mtu aliyefunga siri miezi miwili kwa kamba nyingi hivyo, aifungue mwenyewe asubuhi moja mbele ya benchi zima. Nilimnong'oneza, "Hukulazimika kusema." Akasema, "Walishasoma. Bora wasikie kwangu." Lakini hatukujua kama walisoma. Inawezekana hakuna hata mmoja aliyesoma, na kwamba kilichomtangaza ni kinywa chake mwenyewe, kwa sababu ya woga nilioupanda mimi.

Nilitoa makohozi, nikapigwa picha ya kifua. Majibu yalikuja siku iliyofuata: sikuwa na ugonjwa. Mama mdogo aliyasoma mara mbili, akayarudisha kwenye bahasha, na jioni ile tulikula pamoja kwa mara ya kwanza, yeye upande wake wa meza na mimi upande wangu, madirisha yakiwa wazi bado.

Wiki zilizobaki zilikwenda. Orodha zilitoka vizuri. Kila asubuhi niliisoma karatasi kwa kidole kabla haijafika dirishani, ingawa programu ilikuwa imeshapona. Habari za mtu wa Idodi nilimuuliza sista mara moja tu. Alisema, "Tunashughulika," na kutoka siku hiyo alipoona ninakaribia kuuliza tena, alinipa kazi nyingine. Niliondoka Iringa bila kujua kama mtu yule alirudi kunywa dawa. Kosa langu lilikuwa neno moja. Madhara yake kwa mtu yule sikuruhusiwa kuyaona, na nakubali kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sahihi.

Nilifika Mbeya saa tisa alasiri. Mama alinipokea begi mlangoni akauliza, "Mdogo wangu hajambo?"

"Hajambo," nilisema. "Kibanda chake kinauza."

Alinitazama kama anayetegemea niendelee. Nikapita ndani kunawa uso.

Mama mdogo alimaliza vidonge mwishoni mwa mwaka, na alipokuja kwetu Idi, yeye mwenyewe alimweleza dada yake habari yote, wakiwa jikoni. Baadaye mama alinifuata sebuleni na kisu cha vitunguu bado mkononi.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilidhani atasema nilifanya vizuri, au atasema nilimficha jambo la damu yake. Badala yake alisema nikalete maji, bombani yangekatika saa kumi, nami nikachukua ndoo mbili nikatoka.